Jiko, vifaa vya kisasa na pumzi ya mtoto wako

WAZAZI wa mijini siku hizi ni wapenzi wa vifaa. Ingia katika nyumba nyingi za Katoloni, Kenya Israel au Mumbuni mjini Machakos, ama zile za Mlolongo na Syokimau, na utakuta simu mbili tatu, runinga, taa ya sola inayochajiwa juu ya bati, kipimajoto cha dijitali cha mtoto, na kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni mwilini. Kipimo hicho kilinunuliwa na watu wengi wakati wa maradhi ya Covid-19, mwaka wa 2020 na 2021, na sasa kimetulia kwenye droo. Katika nyumba hiyo hiyo utakuta pia jiko la makaa. Mwezi wa Julai, baridi ya milima ya Iveti inaposhuka usiku, jiko hilo huingizwa chumbani, mlango ukafungwa na mwanya wa dirisha ukazibwa kwa kitambaa.

Somo letu la leo linahusu nyumba ya namna hiyo. Kati ya vifaa hivyo vyote, ni kipi kinachomsaidia mtoto kupumua vizuri, ni kipi kisichomsaidia ingawa kinaonekana cha maana, na ni kipi kinachoweza kumdhuru? Bei haitakupa jibu. Msomaji atakayetufuata hadi mwisho ataona kwamba kifaa chenye manufaa makubwa zaidi kwa afya ya mtoto ni kile kinachoondoa moto mahali anapolala na anapochezea. Hicho ndicho pia, mara nyingi, kinachookoa miti.

Gesi isiyo na harufu

Makaa ni kuni ambazo zimekwisha kuchomwa mara moja mahali pasipo na hewa ya kutosha. Ndiyo sababu hayatoi moshi mwingi. Kwa hivyo watu wengi huamini kwamba jiko likishakolea na makaa kuwa mekundu, hatari imekwisha na jiko laweza kuingizwa ndani. Imani hiyo imeua watu.

Moshi unaouona ni chembechembe za masizi zikiwa zimechanganyika na mvuke na gesi. Huwasha macho, hukereketa koo, na mtu hukimbilia nje kwa hiari yake. Gesi ya kaboni monoksidi haikupi onyo la namna hiyo. Haionekani, haina harufu, haina ladha, wala haimfanyi mtu akohoe. Makaa huitoa muda wote yanapowaka, hata yanapokuwa yamefunikwa na jivu na mwenye nyumba akadhani yamezimika.

Gesi hiyo ikivutwa huingia katika damu na kushikamana na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Hushikamana nayo kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Fikiria matatu yenye viti 14. Oksijeni ni abiria anayepanda stendi na kushuka anakotakikana: kwenye ubongo, moyo na misuli. Kaboni monoksidi ni abiria anayekalia kiti na kukataa kushuka. Matatu inakwenda, viti vimejaa, lakini waliokuwa wakingojea oksijeni huko mbele hawapati kitu. Viungo vya kwanza kuumia ni vile vinavyohitaji oksijeni nyingi, yaani ubongo na moyo.

Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hivyo huvuta gesi nyingi kwa muda mfupi. Mtoto aliye tumboni yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa damu yake hushika gesi hii kwa nguvu na kuiachilia polepole kuliko damu ya mama. Mama mja mzito aweza kuhisi kichwa kikimuuma kidogo tu, akanywa chai na kuendelea na kazi zake, kumbe aliye tumboni ameumia.

Dalili ni hizi: kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika, uchovu na miguu kulegea, kisha kuchanganyikiwa, kusinzia na kuzirai. Utaona mara moja kwamba dalili za mwanzo zinafanana na za malaria au mafua. Watu wengi hununua dawa za malaria dukani, usiku wakarudi katika chumba kile kile chenye jiko. Basi, jiulize maswali mawili. Je, watu wote wa nyumba wameumwa kwa wakati mmoja? Je, hupata nafuu wakitoka nje na kuzidiwa wakirudi ndani? Malaria haina tabia hiyo. Ukijibu ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo, shuku hewa ya chumba kwanza.

Ukimkuta mtu amezirai chumbani mwenye jiko, usiketi humo kumpepea. Fungua mlango, mtoe nje haraka pamoja na wengine wote, kisha lipeleke jiko nje. Mpeleke hospitali hata kama amezinduka, na umwambie daktari waziwazi kwamba kulikuwa na jiko ndani, kwa sababu bila neno hilo anaweza naye kuanza kutafuta malaria. Dawa ni oksijeni safi. Mtu akipumua hewa ya kawaida, damu huchukua saa nne hadi sita kupunguza gesi hiyo kwa nusu. Akipewa oksijeni safi hospitalini, kazi hiyo huchukua muda wa kama saa moja hadi saa moja na nusu. Kuna desturi ya kumnywesha maziwa mtu aliyevuta gesi. Maziwa huenda tumboni, na sumu hii imo katika damu. Tena mtu aliyezirai akinyweshwa kitu chochote anaweza kukabwa na kufa kwa sababu hiyo.

Jinsi kipimo cha kidole kinavyodanganya

Hapa ndipo mzazi mpenda vifaa anapopaswa kuwa mwangalifu sana. Mtoto ameamka analia, amelegea, ametapika. Baba anakumbuka kipimo cha kidole kilicho kwenye droo. Anakibana kidoleni mwa mtoto na kuona asilimia 98. Anashusha pumzi na kusema, "Oksijeni iko sawa, hii ni homa tu."

Kipimo hicho hakikuharibika, ila hakijui anachoulizwa. Hufanya kazi kwa kupitisha mianga miwili kidoleni, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, na kutazama rangi ya damu. Damu iliyobeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Iliyoishiwa ni nyekundu iliyofifia. Bahati mbaya ni kwamba damu iliyobeba kaboni monoksidi nayo ni nyekundu ya kung'aa. Kipimo huona viti vya matatu vimejaa na kuandika 98, bila kujua ni nani aliyevikalia. Saa za mkononi zinazopima oksijeni hutumia njia hiyo hiyo na hudanganyika vivyo hivyo. Kipimo cha kweli ni cha damu, tena kwa mashine ya hospitali inayoweza kutenganisha hemoglobini iliyoshikwa na gesi hii na ile iliyobeba oksijeni.

Vivyo hivyo kuhusu vile vyombo vya kupima ubora wa hewa nyumbani ambavyo hutuma matokeo kwenye simu. Vingi hupima chembechembe za vumbi na masizi, jambo ambalo ni zuri kulijua. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2021 lilipendekeza chembechembe zile ndogo kabisa zisizidi maikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa kwa wastani wa saa 24, na mzazi akiwasha kuni ndani ya chumba huku akitazama chombo hicho atastaajabu jinsi nambari zinavyoruka. Lakini chombo kinachopima chembechembe hakipimi kaboni monoksidi mpaka kiwe kimeandikwa hivyo. King'ora cha moshi nacho si king'ora cha gesi hii.

Kuna ving'ora vilivyotengenezwa mahsusi kwa gesi hii. Vile vinavyofuata kanuni ya Ulaya, ambavyo huandikwa EN 50291, havipaswi kulia ovyo kwa gesi kidogo inayopita. Hulia baada ya saa moja hadi saa moja na nusu gesi ikifika kiwango cha sehemu 50 katika milioni, na hulia katika muda wa dakika tatu ikifika 300. Ukinunua, tafuta maandishi hayo, tazama tarehe ya mwisho ya kitambuzi kilichomo ndani kwa sababu huchakaa hata betri ikiwa nzima, na ukiweke katika chumba cha kulala. Gesi hii ina uzito unaokaribiana sana na wa hewa, kwa hivyo si lazima kiwe juu ya dari wala chini sakafuni. Kimo cha kitanda au meza kinafaa. Na isije ikawa kwamba kwa kuwa kuna king'ora, jiko sasa lina ruhusa ya kuingia. Usiku wa baridi, blanketi ya pili, soksi na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa taulo hufanya kazi ambayo watu humwachia jiko.

Makaa kidogo si sawa na bila makaa

Kuna kifaa kimoja cha Kenya ambacho kinastahili sifa. Ni lile jiko la bati lenye kauri ndani, lililoanza kuenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya watu kujifunza kutokana na majiko ya Thailand. Mafundi wa jua kali walilichukua na kulifanya lao, na sasa hakuna soko lisilokuwa nalo. Kauri hushika joto, kwa hivyo jiko hili hutumia makaa machache sana yakilinganishwa na lile la bati tupu, hata kufikia nusu. Huo ni uhandisi mzuri, tena wa bei ya mwananchi.

Lakini jiko hilo lilibuniwa ili kuokoa makaa. Ndani ya chumba kilichofungwa bado linatoa gesi. Mzazi asiseme, "Letu ni lile la kisasa." Mpaka utakapopata njia nyingine ya kupika, liwashie nje, upikie nje au mahali penye upepo unaopita kutoka dirisha hadi dirisha, na lilale nje. Usiliwashe kwa karatasi za nailoni wala vipande vya plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini karatasi za mkate na vifuniko vya chupa bado vimejaa, na moshi wake una sumu ambazo mapafu ya mtoto hayawezi kuzihimili.

Ukubwa wa jambo hili hauhusu gesi peke yake. WHO hukadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, zaidi ya 237,000 kati yavyo vikiwa vya watoto wasiotimiza miaka mitano. Mtoto anayelelewa katika moshi huo hukaribia kuwa na hatari maradufu ya kupata nimonia. Mtoto anayekohoa kila wiki huenda akawa amepewa dawa za kila aina, na hakuna aliyeuliza ni wapi anapokaa wakati chakula kinapikwa. Mara nyingi yuko mgongoni mwa mama, au ameketi kando ya jiko kwa kuwa ndipo penye joto.

Isyo, muthokoi na sufuria ya umeme

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, kwa sababu ndicho kinacholifanya jiko liwake mchana kutwa. Isyo na muthokoi ni vyakula vyenye lishe njema: mahindi na maharagwe au mbaazi hukamilishana, na mtoto hupata protini bila nyama. Shida yake ni moto. Sufuria ya maharagwe makavu yaweza kuchemka saa mbili au tatu, na mama mwenye kazi hulijaza jiko makaa asubuhi na kuliacha liendelee taratibu, ndani.

Sufuria ya umeme ya presha, ambayo sasa inapatikana katika maduka mengi makubwa ya mijini, imelibadili jambo hili kuliko kifaa kingine chochote cha jikoni tunachokifahamu. Hufunga mvuke ndani, joto likapanda juu ya nyuzi 100, na ukuta wake uliozibwa huzuia joto lisitoroke. Maharagwe yaliyorowekwa usiku kucha huiva chini ya saa moja. Umeme unaotumika kwa sufuria moja huwa chini ya uniti moja, kwa kuwa kifaa hukata umeme chenyewe presha inapotosha.

Usiamini neno letu; lipime. Chukua daftari la shule. Kwa wiki mbili andika kila mkebe wa makaa ulionunua na bei yake, pamoja na mafuta taa ya kuwashia. Kisha, kama unaweza kuazima sufuria ya presha kwa jirani au ndugu, soma mita ya tokeni kabla ya kupika na baada ya kupika, huku vifaa vingine vikubwa vikiwa vimezimwa. Zidisha uniti kwa bei unayolipa. Mzazi ambaye hufuatilia kila bando la simu yake hadi megabaiti ya mwisho mara nyingi hajui anatumia kiasi gani kwa makaa kwa mwezi, na wengi hushangaa.

Yapo mambo ya kuangalia. Usijaze nafaka na maharagwe kupita nusu ya sufuria, kwa kuwa huvimba na povu huziba tundu la mvuke. Usilazimishe kifuniko kufunguka presha ikiwa ndani. Liweke mbali na ukingo wa meza, na waya wake usining'inie mahali mtoto awezapo kuuvuta. Lichomeke moja kwa moja ukutani. Waya mwembamba wa kurefushia, ule unaotumika kwa chaja za simu, hupata moto na waweza kuunguza nyumba. Wale wenye sufuria za umeme zinazopika polepole kwa joto la chini wasiweke humo maharagwe mekundu mabichi, kwani yana sumu ya asili ambayo huhitaji kuchemka kabisa kwa angalau dakika kumi ndipo iharibike. Sufuria ya presha haina tatizo hilo.

Wengine watauliza kama kupikia umeme si kuhamisha tu uchafuzi kutoka nyumbani hadi kwenye mtambo. Katika nchi inayochoma makaa ya mawe swali hilo lingekuwa zito. Hapa kwetu sehemu kubwa ya umeme hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mto Tana, upepo na jua. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, liko mpakani mwa kaunti hii ya Machakos na ya Embu. Adui wake mmoja mkubwa ni udongo. Miti ikikatwa kwa ajili ya makaa, mvua hubeba udongo hadi mitoni na kuujaza bwawa, nafasi ya maji ikapungua. Kwa hivyo gunia la makaa linalochomwa Machakos mjini lina uhusiano na stima ya Machakos mjini.

Wakamba hawahitaji kufundishwa hilo na wageni. Matuta ya "fanya juu", ambayo jina lake limeingia katika vitabu vya kilimo vya lugha nyingine, yalienea katika vilima hivi kwa jembe na kwa kazi ya vikundi vya mwethya. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu mwaka wa 1994 wakionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa wilaya ya Machakos ya wakati huo waliongezeka karibu mara sita, na bado ardhi ikawa na matuta na miti zaidi kuliko zamani. Mtu wa mjini ambaye hana shamba huendeleza kazi hiyo kwa kile anachokichagua kupikia.

Gesi ya mtungi ni njia nyingine njema, na kwa nyumba nyingi ndiyo rahisi zaidi. Mwali wake uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi chini ya sufuria, jiko linahitaji kusafishwa au kurekebishwa, kwa sababu hapo nalo hutoa kaboni monoksidi. Gesi hii, tofauti na ile, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, ndiyo maana mtungi usikae kwenye shimo wala chini ya kitanda. Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote. Funga mtungi, fungua milango, toka. Mvujo hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kibiriti. Nunua mtungi kwa mtu anayejulikana. Moto uliotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, ulianzia mahali gesi ilipokuwa ikijazwa bila kibali.

Koroboi na chupa ya soda

Kuhusu taa tutasema machache, kwa kuwa hapa vita vimekaribia kushindwa na sola. Kampuni zilizoanza kuuza taa za sola kwa malipo madogo ya kila siku kupitia M-Pesa, M-Kopa ikiwa miongoni mwazo tangu mwaka wa 2012, zilizima koroboi nyingi. Hata hivyo mafuta taa bado yamo katika nyumba nyingi, na mara nyingi yamo katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma rangi. Akinywa mafuta taa, usimtapishe wala kumpa maziwa kwa nguvu ili atapike. Yakipanda na kuingia mapafuni huleta nimonia kali. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mpeleke hospitali.

Betri, mpya na kuukuu

Vingi kati ya vifaa tulivyovitaja vina betri, na ndipo penye hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Betri bapa za mviringo, zinazofanana na sarafu, zimo katika rimoti, funguo za gari, vipimajoto, mizani za jikoni, vinyago na kadi zinazoimba. Zile zenye upana wa milimita 20 ndizo mbaya zaidi. Mtoto akimeza, betri hukwama kwenye umio, umeme wake ukageuza umajimaji wa mwili kuwa kemikali inayounguza kama magadi makali. Umio waweza kuungua vibaya katika muda wa saa mbili, hata kama betri ilikuwa imekwisha nguvu kiasi cha kutoweza kuendesha rimoti. Mtoto hutokwa na mate mengi, hukataa kula, hukohoa, au haonyeshi chochote.

Ukishuku hivyo, usingoje dalili na usimtapishe. Mpeleke mara moja hospitali yenye mashine ya eksirei. Akiwa ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na haijapita saa 12 tangu ameze betri, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika kumi, isizidi mara sita, huku mkiwa njiani. Asali hupunguza kuungua. Haiondoi betri, wala haistahili kuwacheleweshea safari hata dakika moja. Mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali.

Betri kuukuu za simu zilizovimba zisitobolewe wala kutupwa motoni. Ile desturi ya kuzitumbukiza chooni, katika shimo, huhamisha madini yake yakaelekea kwenye maji ya kisima cha jirani. Betri kubwa za sola na za magari ni hatari zaidi kwa kuwa zina risasi, madini ambayo hudumaza ubongo wa mtoto, na WHO haijapata kiwango chake kilicho salama. Kijiji cha Owino Uhuru kule Mombasa kiliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kama hizo hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi humo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe alikuwa na risasi katika damu, akaanza kupigania kijiji hicho. Mwaka wa 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaithibitisha Desemba 2024.

Kwa hivyo usimuuzie betri kuukuu mnunuzi wa vyuma anayepita mtaani na nyundo, ambaye huivunja papo hapo na kumwaga asidi karibu na watoto wanaotazama. Irudishe ikiwa nzima kwa muuzaji unapochukua mpya. Wengi huipunguza katika bei. Zile ndogo za mviringo, zikiisha, zizungushie utepe wa kunata pande zote mbili mara tu unapozitoa, uzitie katika kopo lenye kifuniko kigumu, na kopo liwekwe juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.